Mwajiri mdogo atajuaje kwamba sheria ya kazi imebadilika?

#1 MwenyeTanuri
Wakuu, salaam. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro chenye wafanyakazi 14, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mwajiri. Mwishoni mwa Januari mwaka huu, siku ya mshahara, kijana anayelisha tanuri aliiweka simu yake juu ya meza ya kukandia, katikati ya unga, akaniambia kwa adabu zote, "Bosi, soma hapa kwanza kabla sijasaini." Nikasoma kwamba kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi kimepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Yeye alikuwa akipokea 234,000, na orodha yote ya mishahara nilikuwa nimekwisha kuifunga.

Ninadai hivi, na yeyote anipinge: sheria za kazi nchini mwetu zinabadilika haraka kuliko mwajiri mdogo anavyoweza kuzifuata, na hakuna mtu mwenye wajibu wa kumjulisha. Wenzangu mnafanyaje?

#2 Karani_Mstaafu
Nakupinga mapema. Nimeshughulika na masuala ya wafanyakazi viwandani kwa zaidi ya miaka ishirini. Sheria mama ni ile ile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na mengi ya msingi ndani yake hayajasogea tangu ianze kutumika: saa 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua watoto zaidi ya mmoja. Kinachobadilika ni viwango, navyo hutoka kwa amri ya waziri.

Hata hizo amri hazina kasi unayoisema. Tulikuwa na ya 2007, ya 2010 na ya 2013, kisha tukakaa kimya mpaka ile ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023. Kwa maoni yangu, ukimya huo wa miaka tisa ndio uliowalaza waajiri usingizi. Wewe ulifungua kiwanda katikati ya ukimya, ukadhani ndiyo hali ya kawaida, na sasa amri mbili zimefuatana ndani ya miaka mitatu unaona dunia inakimbia.

#3 Mama_Chekechea
Mzee Karani anazungumza kama mtu aliyekuwa na ofisi, kabati la mafaili na msaidizi wa kumletea Gazeti la Serikali mezani. Mimi nina shule ya awali Tanga yenye walimu sita na wapishi wawili. Asubuhi ninapokea watoto, mchana ninadai ada, jioni ninafukuzana na fundi wa choo. Hiyo amri ya waziri ingenifikia kwa njia ipi? Namuunga mkono mwenye mada.

#4 Rasilimali_Watu
Kabla hatujafika mbali, takwimu ya #1 isahihishwe, kwa sababu watu wataikopi na kuipeleka mahali pengine. Amri ya kima cha chini haina namba moja kwa wote. Ina jedwali la sekta: kilimo, viwanda na biashara, ulinzi, shule binafsi, kazi za majumbani, madini, usafirishaji na kadhalika, na baadhi ya sekta zina matawi ndani yake. Katika amri ya 2022, viwanda na biashara walipangiwa shilingi 150,000 kwa mwezi, ilhali taasisi za fedha walipangiwa 592,000. Sasa jiulize: kama kiwanda kiliruhusiwa kulipa 150,000, hiyo 275,060 ingewezaje kuwa sakafu ya kila mtu? Ni wastani wa sekta zote, na 358,322 nayo isomwe hivyo hivyo. Mwenye mada, tafuta mstari wa sekta yako katika jedwali la amri mpya, acha kusoma kichwa cha habari.

#5 MwenyeTanuri
Ahsante kwa sahihisho, limenipa pumzi kidogo. Lakini linazidi kuthibitisha dai langu. Habari ilitangazwa kwa namba moja, mfanyakazi wangu akaishika namba hiyo, na mimi nikabaki kuonekana mwizi. Halafu, nikiuza mikate kwa rejareja mlangoni pa kiwanda na kusambaza madukani kwa bajaji, mimi ni kiwanda, ni biashara au ni usafirishaji?

#6 Rasilimali_Watu
Shughuli yako kuu ni kuoka, na viwanda na biashara wamekuwa katika fungu moja, kwa hiyo kwa wengi wenu swali hilo halina uzito. Dereva wa bajaji ni mfanyakazi wa kiwanda anayeendesha bajaji. Hujawa kampuni ya usafirishaji. Ninalo swali lenye uzito zaidi: tanuri lako huwashwa saa ngapi?

#7 MwenyeTanuri
Zamu ya kuoka huingia saa tatu usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri, ili mkate uwe dukani kabla watu hawajaamka. Kuna mapumziko ya saa moja katikati. Kwa nini unauliza?

#8 Rasilimali_Watu
Kwa sababu kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku kisheria, na kila saa ya kazi ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Tuchukue kijana wako mwenye 234,000. Mwezi huhesabiwa kuwa na saa 195, yaani saa 45 mara majuma 4.333. Saa yake moja ni shilingi 1,200, na asilimia 5 yake ni shilingi 60. Saa saba kwa usiku ni 420, na kwa usiku 26 za mwezi ni shilingi 10,920. Je, unailipa?

#9 MwenyeTanuri
Sijawahi kuilipa hata mara moja, na hakuna aliyewahi kuidai.

#10 Karani_Mstaafu
Nililitarajia jibu hilo. Nyongeza ya usiku imo katika sheria ya 2004. Haikuja na amri ya mwezi jana wala ya mwaka jana. Kwa hiyo, ndugu yangu, hukuachwa na sheria zinazokimbia. Iliyosimama mahali pamoja miaka yote hii ndiyo hukuifikia.

#11 Dereva_Mkongwe
Mkuu Karani, mkanye taratibu, maana akikasirika mkate utazidi kupungua, na huu wa sasa tayari unapita chini ya mlango.

Nina malori matatu ya njia ya Tunduma, na darasa langu nililipata mwaka 2018. Dereva mmoja alikuwa akifyonza dizeli. Nilikuwa na picha, nilikuwa na shahidi, na dumu lenyewe nililikuta. Nikamwandikia ujumbe wa simu siku hiyo hiyo kwamba kazi imekwisha. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 30 zinazoruhusiwa, na mwisho wa safari nikalipa fidia ya mishahara ya miezi 12. Sababu nilikuwa nayo kamili, ila sikuwa na utaratibu. Hakupewa barua ya tuhuma, hakupewa hata saa 48 za kujiandaa, hapakuwa na kikao cha nidhamu wala nafasi ya kuja na mwenzake wa kumsaidia. Kanuni za Utendaji Bora zenye mambo hayo yote ni za mwaka 2007. Nami nilidhani mwizi akishikwa na dumu mkononi, kikao ni cha nini tena?

#12 Mama_Chekechea
Dereva amesema kweli, lakini tusichanganye mambo mawili. Yapo ambayo hatukuyajua tangu mwanzo, na yapo ambayo yamebadilika kweli. Mwaka 2025 kulikuwa na marekebisho ya sheria za kazi, wala hayakuwa madogo. Yaligusa likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti, yakaleta likizo ya dharura isiyo na malipo kwa makubaliano, na yakapanua orodha ya watu wanaoweza kupewa mkataba wa muda maalumu. Awali mkataba wa namna hiyo uliandikiwa wataalamu na kada ya uongozi, wakati sisi wengine tulikuwa tukiwapa hata wapishi bila kujua kwamba tunavuka mstari.

Mimi marekebisho hayo niliyapata katika kundi la WhatsApp la wamiliki wa shule, na yalikuja yakiwa yamepotoshwa. Mmoja aliandika kwamba likizo ya uzazi sasa ni miezi sita kwa kila mama. Mwalimu wangu mjamzito akaipata, akapanga maisha yake kwa miezi sita, hata tiketi ya kwenda kwao akakata. Ikanibidi nimweleze kwamba siyo kweli, akanitazama kana kwamba ninamnyang'anya kitu chake. Tatizo kubwa kwangu si ukosefu wa habari. Zipo nyingi mno, na zilizo sahihi hazina sura tofauti na za uongo.

#13 Hesabu_Safi
Naomba kuongeza upande ambao haujaguswa. Mnazungumza kana kwamba kila badiliko linamwongezea mwajiri mzigo. Mimi ni mhasibu wa wafanyabiashara wadogo, na kalenda yangu haianzi Januari. Inaanza Julai, Sheria ya Fedha inapoanza kutumika. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilikuwa ikimhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 4, na Julai 2021 idadi hiyo ikapandishwa hadi 10. Kiwango chenyewe kikashushwa hadi asilimia 3.5 Julai 2023. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa sekta binafsi ulianza 2015 kwa asilimia 1, ukashuka hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka uliofuata.

Nilimpokea mteja mmoja mwaka 2023, mwenye karakana na mafundi saba. Alikuwa bado anaipeleka tozo ya ufundi stadi kila mwezi kabla ya tarehe 7, bila kukosa, miaka miwili baada ya kuondolewa katika kundi la wanaolipa. Alikuwa anajivunia kwamba hajawahi kuchelewa.

#14 Dereva_Mkongwe
Huyo mwenye karakana awekewe sanamu pale mjini.

#15 Mpwani_Likoni
Hamjambo jirani zetu. Nasoma kutoka Mombasa na ninatabasamu, kwa kuwa nyinyi mnalalamikia amri iliyokuja baada ya miaka mitatu. Mimi hutayarisha mishahara ya hoteli ndogo huku. Julai 2023 tulianza kukata ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na nyingine 1.5 kwa mwajiri. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema ushuru huo unakiuka Katiba, lakini makato yakaendelea kwa muda. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuruhusu uendelee kutozwa, tukaacha kukata. Machi sheria mpya ikatiwa saini, tukaanza tena. Kabla hatujapumua, Oktoba bima ya afya ya zamani, NHIF, ikaondoka, ikaja SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Na viwango vya NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, hupandishwa kwa awamu, kila Februari. Kuna mpishi aliyenijia na karatasi nne za mshahara za miezi minne, kila moja na jumla yake, akauliza ni ipi iliyo ya kweli. Nikamwambia zote ni za kweli, kila moja kwa mwezi wake.

Kwetu basi, maelezo ya Mzee Karani hayafai. Hakuna aliyelala. Tulikuwa macho, na kukesha hakukutusaidia.

#16 Mwana_Unguja
Nami niweke mpaka wa mjadala. Sheria mnayoitaja ni ya Tanzania Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, kima cha chini chetu na mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Nimewaona waajiri wa hoteli waliotoka Bara wakija na mikataba yao ile ile, wamebadilisha anwani tu, na ndani yake wametaja vifungu vya sheria ambayo huku haitumiki. Kwa hiyo kwenye orodha ya sababu ongezeni hii: watu hunakili.

#17 Kibarua_Mwenzenu
Mtaniwia radhi, mimi si mwajiri. Ninafanya kazi kiwandani, kwingine kabisa, na nimesoma uzi huu wote. Mfuko wa ngano ukipanda saa nne asubuhi, ikifika saa sita bei ya mkate imekwisha kubadilika. Hakuna mwajiri aliyewahi kusema kwamba habari ya ngano haikumfikia. Kijana wa #1 ana simu ya kawaida, analala mchana na kufanya kazi usiku, na bado amri aliipata. Ninauliza tu, kwa heshima, kama tatizo kweli ni habari.

#18 MwenyeTanuri
Ndugu #17, umenigusa pabaya, lakini kulinganisha kwako hakuko sawa. Bei ya ngano ninaambiwa na mtu anayeniuzia ngano, kwa sababu anataka fedha yake. Ni nani anayeniuzia sheria?

#19 Kibarua_Mwenzenu
Kijana wako alikuwa akikuambia bure.

#20 Wakili_wa_Kata
Nimewasoma wote na ninaona kila mmoja ameshika kipande. Niongeze changu, ambacho huenda kikawachosha. Kuna kikwazo kingine katika maandishi yenyewe ya sheria. Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zilisogea. Mwajiri aliyekariri kifungu kwa namba anaweza kufungua nakala mpya akakutana na jambo jingine kabisa, akadhani sheria imefutwa. Nimeletewa barua za kuachisha kazi zilizonukuu namba ya zamani, na nyingine zimenukuu namba mpya kwa jambo la zamani. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria, lakini sheria nyingi zilizotungwa kabla ya hapo watu bado wanazishika kwa Kiingereza, na wanaowatafsiria hawana uangalifu ulio sawa.

Kwa Dereva (#11): kuna jambo moja la kuwafaa wote. Kukitokea mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi au maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Ndiyo maana sikubaliani sana na Mzee Karani kwamba kila kitu ni usingizi. Wengi wako macho, ila hawana karatasi.

#21 Karani_Mstaafu
Kutokuwa na karatasi kwa miaka tisa ni usingizi wa namna yake, mheshimiwa wakili.

#22 Fundi_Seremala
Je, mmewafikiria washauri? Mwaka juzi alinijia mtu mwenye tai na kompyuta mpakato, akanitisha kwa faini mpaka jasho likanitoka, kisha akaniuzia kabrasha la sera za wafanyakazi lenye kurasa 80. Nililipa fedha ya mbao za mwezi mzima. Nilipoketi kulisoma nikakuta ukurasa wa 31 umebaki na jina la kampuni ya utalii, ukieleza sare za waongoza watalii, na sehemu ya hifadhi ya jamii inamwelekeza mfanyakazi achague kati ya NSSF na PPF. PPF iliunganishwa na mifuko mingine mwaka 2018! Karakana yangu ya viti ina sera ya jinsi ya kuzungumza na mgeni akimwona simba. Hofu ya mabadiliko imekuwa biashara, na wanaoiuza wana faida kubwa tukiamini kwamba sheria hubadilika kila wiki.

#23 Mama_Chekechea
Fundi, hicho kipengele cha simba nakiomba kwa ajili ya chekechea yangu.

#24 Rasilimali_Watu
Fundi, washauri wa namna hiyo wapo, sikatai, na mimi ni wa kazi hiyo. Ila nao wamezaliwa na pengo. Chama cha waajiri kipo, maofisa kazi wapo, Tume wapo, na matangazo ya serikali hutoka. Mwajiri mwenye wafanyakazi 200 ana mtu wa kuyasoma. Mwenye 14 anaambiwa na kijana wa tanuri. Sijui kama hilo ni kosa lake au ni umbo la sheria iliyoandikwa ikimfikiria yule wa 200.

#25 Hesabu_Safi
Nadhani unampa mwenye 14 huruma kupita kiasi. Mtu huyo huyo anajua tarehe ya marejesho ya kodi, kwa sababu akichelewa anapigwa riba. Waajiri hufuata mabadiliko yanayouma mara moja. Nyongeza ya usiku haiumi mpaka mtu akufikishe Tume, ndiyo maana imelala miaka yote hiyo.

#26 MwenyeTanuri
Nimerudi. Jana nilikaa na daftari la zamu. Waokaji wa usiku ni tisa, na kwa hesabu ya #8, kama wote wangekuwa na mshahara wa yule kijana, ni shilingi 98,280 kwa mwezi. Kwa kweli nilitarajia kiasi kikubwa zaidi. Fedha hiyo nimeipoteza mara nyingi kwa mikate iliyoungua. Kuanzia mwezi huu nimeiweka katika mstari wake kwenye hati ya mshahara. Jedwali la sekta nimelipata pia, na marekebisho ya Januari nimeyalipa pamoja na Februari.

Ila nilipomwonyesha kijana wa tanuri ule mstari mpya alisoma, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Na ya nyuma, bosi?" Sikuwa na jibu. Wakili, ana haki ya kudai kurudi nyuma kiasi gani?

#27 Wakili_wa_Kata
Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 60 tangu ilipozuka, na aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Sasa, kwa malipo yasiyolipwa kila mwezi, mgogoro huzuka lini: kila mwezi alipopunjwa, au siku uliyokataa kumlipa? Hapo mawakili wawili watakupa majibu mawili. Ungekuwa mteja wangu ningekushauri ukae naye mezani, mkubaliane kwa maandishi, kabla hujamkatalia lolote.

#28 Karani_Mstaafu
Mwenye mada, umefanya vizuri. Swali moja la mwisho kabla sijaenda kulala: hao tisa ni waokaji. Getini kwako usiku yupo mlinzi, bila shaka. Ni wa kampuni, au umemwajiri mwenyewe?

#29 MwenyeTanuri
Ni wangu mwenyewe. Huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba.

#30 Rasilimali_Watu
Lete daftari la zamu tena.